Sheria Iliyoingia Jikoni

Tarehe 5 Desemba 2006, Bodi ya Afya ya jiji la New York ilipiga kura kuyaondoa mafuta ya transi katika migahawa yote ya jiji. Hiyo ni migahawa zaidi ya 20,000, kuanzia hoteli za kitalii za Manhattan hadi vibanda vya kuku wa kukaanga vya Bronx. Wenye migahawa walilalamika kwamba serikali inaingia jikoni mwao. Chama chao cha jimbo kilionya kwamba mafuta mbadala hayatatosha, ladha itaharibika na gharama zitapanda. Leo mfanyabiashara yeyote wa chakula, awe New York au Kariakoo, anaweza kujifunza kutokana na yaliyofuata, kwa sababu katika miaka kumi jiji hilo lilijaribu karibu kila njia ambayo serikali inaweza kutumia kugusa sahani ya mteja. Njia moja ilifaulu kabisa, nyingine ilifaulu nusunusu, na moja ikafia mahakamani.

Tuanze na mafuta yenyewe. Mwaka 1902 mkemia Mjerumani, Wilhelm Normann, alipata hataza ya njia ya kupitisha gesi ya haidrojeni kwenye mafuta ya mimea ili yagande. Mwaka 1911 kampuni ya Procter & Gamble ilianza kuuza Crisco, na biashara ya chakula Marekani ikabadilika. Mafuta yaliyogandishwa kwa njia hii bila kukamilisha kazi, ambayo ndiyo yenye transi, hayaharibiki haraka, yanastahimili moto wa kikaangio siku baada ya siku, na ni rahisi kuliko siagi. Mwoka mikate anayapenda kwa sababu keki inasimama na donati haivuji mafuta kwenye karatasi. Kwa mwenye mgahawa, dumu moja linalodumu muda mrefu kikaangioni ni faida anayoiona mwisho wa mwezi.

Hasara inamwangukia mteja, naye haioni. Mafuta ya transi hupandisha kolesteroli mbaya na kushusha iliyo nzuri, na hivyo kuongeza hatari ya ugonjwa wa moyo. Denmark ilikuwa ya kwanza kuchukua hatua: tangu mwaka 2003 iliweka kikomo cha asilimia 2 ya mafuta yote katika chakula. New York ilianza kwa upole. Mwaka 2005 idara ya afya iliwaandikia wenye migahawa na wauzaji wao wa jumla, ikawaeleza madhara na kuwaomba wabadilishe kwa hiari. Mwaka mzima wa kampeni ulipopita, idadi haikusogea: takriban nusu ya migahawa iliyochunguzwa ilikuwa ikiyatumia kabla, na nusu hiyohiyo ilikuwa ikiyatumia baadaye. Siwaoni wenye migahawa kuwa wakatili kwa hilo. Katika biashara yenye faida nyembamba, anayebadilisha peke yake anabeba gharama peke yake, na mteja hamlipi ziada kwa kitu asichokiona wala kukionja. Hiari haikuwa na mshindi sokoni. Ndipo kamishna wa afya wa jiji, Thomas Frieden, akapeleka pendekezo la amri mbele ya Bodi, chini ya meya Michael Bloomberg.

Namna amri hiyo ilivyoandikwa ndiyo sehemu ambayo waandishi wa sheria wa kwetu wangepaswa kuisoma mstari kwa mstari. Iligawanywa katika awamu mbili. Kufikia Julai 1, 2007, mafuta ya kukaangia na ya kupaka kwenye mkate hayakuruhusiwa kuwa na nusu gramu ya transi au zaidi kwa kipimo kimoja cha mlaji. Waokaji walipewa mwaka mmoja zaidi, hadi Julai 1, 2008, kwa sababu kazi yao ni ngumu: keki na unga wa hamira vinahitaji mafuta yanayoganda, na kupata mbadala kunahitaji majaribio mengi. Katika miezi mitatu ya kwanza mkaguzi alionya tu bila kutoza faini. Baada ya hapo faini ilikuwa kati ya dola 200 na 2,000. Jiji pia lilifungua kituo cha ushauri, ambako mpishi aliyeshindwa kupata mafuta yanayofaa aliweza kupiga simu na kuzungumza na mtu anayejua upishi.

Ukaguzi wenyewe haukuhitaji maabara. Mgahawa ulitakiwa kuhifadhi lebo halisi za mafuta yake. Mkaguzi aliyekwisha kuja kuangalia panya, joto la friji na mikono ya wapishi, aligeuka pia kwenye rafu ya mafuta, akachukua ndoo na kusoma orodha ya viambato. Akikuta maneno yanayoonyesha kwamba mafuta yamegandishwa kwa haidrojeni nusunusu, na lebo haionyeshi kiasi kilicho chini ya nusu gramu, kosa limeandikwa. Ni dakika chache tu, katika ziara ambayo ingefanyika kwa vyovyote vile. Sheria ya aina hiyo haimgharimu mlipa kodi karibu chochote.

Na soko lilijibu. Makampuni makubwa yalikuwa yameshaanza kunusa upepo. Wendy's ilibadilisha mafuta mwaka huohuo wa 2006, KFC ikatangaza mabadiliko wiki chache kabla ya kura ya Desemba, na Dunkin' Donuts ikafuata mwaka 2007 kwa mchanganyiko wa mawese, soya na mbegu za pamba. Wasambazaji wa mafuta walipoona soko la New York nzima linahama kwa tarehe moja, waliongeza uzalishaji wa mafuta ya alizeti, kanola na soya yaliyoboreshwa ili yastahimili moto. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2008, migahawa iliyokuwa bado ikitumia mafuta ya transi ilikuwa chini ya asilimia 2. Watafiti walipolinganisha maelfu ya risiti za chakula cha mchana za mwaka 2007 na 2009 katika migahawa ya matawi mengi, walikuta wastani wa transi kwa mlo mmoja umeshuka kwa gramu 2.4, huku mafuta mazito ya kawaida (saturated) yakipanda kwa takriban nusu gramu tu. Mwaka 2017 jarida la JAMA Cardiology lilichapisha ulinganisho wa kaunti za jimbo la New York. Kwenye kaunti zilizoweka marufuku, miaka mitatu na zaidi baadaye, wagonjwa waliolazwa kwa mshtuko wa moyo na kiharusi walikuwa wamepungua kwa asilimia 6.2 zaidi ya matarajio, ikilinganishwa na kaunti zisizo na marufuku. Serikali kuu ya Marekani ilifuata: mwaka 2015 ilitangaza kwamba mafuta hayo hayahesabiki tena kuwa salama, na ikawapa wenye viwanda hadi Juni 2018 kuyaondoa.

Hakuna mteja aliyeandamana. Chipsi zilibaki chipsi. Kwangu hapo ndipo penye siri yote ya mafanikio hayo. Jiji liligusa kitu ambacho mlaji hakukiagiza, hakukiona na hakukikosa kilipoondoka. Mzigo wa mabadiliko ulimwangukia mwenye mgahawa na msambazaji wake, ambao ndio wenye uwezo wa kuubeba, na uliwaangukia wote kwa siku moja, hivyo hakuna aliyepoteza ushindani kwa jirani yake.

Hatua nyingine za jiji hilohilo zilikosa sifa hizo. Desemba 2006 Bodi iliamuru pia kwamba kalori ziandikwe kwenye menyu, lakini amri ya kwanza ilizihusu tu kampuni zilizokuwa zikitoa takwimu za kalori kwa hiari yao. Kwa maneno mengine, aliyekuwa muwazi ndiye aliyebanwa, na aliyenyamaza akaachwa. Jaji wa shirikisho aliifuta Septemba 2007 kwa sababu iligongana na sheria ya taifa kuhusu taarifa za hiari. Jiji likaiandika upya mwaka 2008 kwa kila kampuni yenye matawi 15 au zaidi nchini, ikasimama mahakamani, na baadaye ikawa sheria ya taifa kwa zenye matawi 20 na kuendelea, ikianza kutekelezwa Mei 2018. Uingereza nayo iliagiza mwaka 2022 kwamba biashara za chakula zenye wafanyakazi 250 au zaidi katika England ziandike kalori.

Je, kalori zilizoandikwa zinabadilisha anachoagiza mtu? Kidogo, na si kwa wote. Uchunguzi wa manunuzi ya Starbucks ulionyesha kalori kwa kila muamala zilishuka kwa takriban asilimia 6, karibu zote upande wa vitafunwa, si vinywaji. Utafiti mwingine katika mitaa ya watu wa kipato cha chini ya New York haukuona mabadiliko yoyote. Mtu mwenye dola chache na dakika ishirini za mapumziko anaagiza kinachoshibisha kwa bei yake. Namba kwenye ubao haimwongezei pesa wala muda.

Kisha ikaja soda. Septemba 2012 Bodi ilipitisha kikomo cha wakia 16, karibu nusu lita, kwa kikombe cha kinywaji chenye sukari kwenye migahawa, kumbi za sinema, viwanja vya michezo na mikokoteni ya barabarani. Lakini maduka ya vyakula na maduka madogo ya mtaani, ambayo husimamiwa na jimbo, hayakuguswa. Mwenye mgahawa alitazama ng'ambo ya barabara na kumwona jirani yake akiuza kikombe cha lita moja bila bughudha. Soda ya mashine ndiyo bidhaa yenye faida nono kuliko karibu zote kwenye menyu, kwa kuwa ni sharubati, maji ya gesi na barafu. Zaidi ya hayo, mteja aliyekipenda kikombe kikubwa alijua wazi kwamba amenyang'anywa. Machi 11, 2013, siku moja kabla ya kuanza kutumika, jaji Milton Tingling aliisimamisha, na Juni 2014 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikaamua kwa kura nne dhidi ya mbili kwamba Bodi ilivuka mipaka yake na kuingia kwenye kazi ya baraza la kutunga sheria. Chicago ilikuwa imeshaonja hali kama hiyo kwa sababu tofauti kabisa. Mwaka 2006 madiwani walipiga marufuku foie gras, ini la bata au bukini aliyelishwa kwa nguvu, ili kumwokoa ndege huyo na mateso. Wapishi wakaigawa bure juu ya saladi, duka moja la soseji likatozwa faini ya dola 250, na mwaka 2008 marufuku ikafutwa.

Ninaandika haya nikiwa na jambo la kwetu akilini. Ukaguzi wa migahawa Tanzania na Kenya umejikita kwenye usafi: choo, maji, takataka, cheti cha afya cha mpishi. Ni kazi muhimu na isipunguzwe. Ila anayetaka kuchukua njia ya New York kama ilivyo atakwama mapema, kwenye lebo. Muuza chipsi wa Manzese au Kayole hana ndoo yenye orodha ya viambato. Ana mafuta ya kupima. Asubuhi anakwenda duka la jumla na dumu lake lililotumika mara nyingi, muuzaji anafungua bomba la pipa, anajaza, anapokea pesa. Kwenye mitaa mingi ya Nairobi kuna hata mashine ya kupimia mafuta kwa shilingi chache. Muuza chipsi anamimina kwenye karai juu ya yale ya jana, na jioni anaongeza tena. Mkaguzi akimuuliza mafuta haya yametengenezwaje, hawezi kujibu, na kumtoza faini kwa kutojua kutakuwa ni kumpokonya mtaji wa siku tatu bila kusafisha hata lita moja.

Juu ya mnyororo huo, hali ni nyingine kabisa. Sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia ya ukanda huu huingia kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia, na hupita kwenye viwanda vichache vya kusafisha na kupakia kabla ya kufika kwenye pipa lolote. Mawese yaliyosafishwa huganda nusunusu kwa asili yake na hayahitaji haidrojeni ili yafae kikaangioni, ingawa yana mafuta mazito mengi na hayapaswi kusifiwa kana kwamba ni dawa. Alizeti ya Singida na Dodoma ni bora zaidi kwa moyo, na mwenye kiwanda anayeisindika angepata soko la uhakika iwapo mafuta ya kuganda yaliyopitishwa haidrojeni yangebanwa. Kwa hiyo ulinzi wa afya na maslahi ya mkulima wetu vinakwenda pamoja hapa, jambo ambalo halitokei mara nyingi katika uchumi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa wito mwaka 2018 kwamba mafuta ya transi ya viwandani yaondolewe duniani, kwa kikomo cha gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta au kwa marufuku kamili ya mafuta yaliyogandishwa nusunusu. Afrika Kusini ilikuwa na kikomo kama hicho tangu mwaka 2011, na migahawa yake haijafungwa. Tanzania ina shirika la viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 limekabidhiwa pia usalama wa chakula, na Kenya ina la kwake, KEBS. Kikomo hicho kipimwe kwenye tenki la kiwandani na kwenye shehena bandarini, Mombasa na Dar es Salaam, matokeo yatangazwe kwa jina la kiwanda, na waokaji wa biskuti na keki wapewe takriban mwaka mmoja na nusu tangu amri kupitishwa, kama walivyopewa wenzao wa New York. Muuza chipsi aendelee kwenda na dumu lake duka la jumla kama kawaida.