Rubani wa Kivita na Uzito wa Damu Yake

Weka rula juu ya ramani ya Kenya, uanzie Nanyuki ushuke kusini moja kwa moja. Itapita Thika. Miji hiyo miwili imekaa karibu kabisa kwenye mstari mmoja, na kati yake kuna kilomita 115 hivi. Ndege ya kivita inayokwenda kilomita 800 kwa saa huumaliza umbali huo kabla ya dakika tisa kutimia. Ikishafika Thika, ikikata kidogo kuelekea kusini magharibi, inapita Ruiru na Kahawa, na baada ya dakika mbili na ushee iko Ruaraka, juu ya makao makuu ya GSU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia, kando ya Barabara ya Thika.

Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kumpindua Rais Daniel arap Moi, kulikuwa na mtu aliyetaka safari ya namna hiyo ifanyike, na ifanyike kwa mabomu. Koplo Bramwel Njereman, katika kambi ya wanahewa ya Nanyuki, aliwalazimisha marubani watatu waingie ndegeni: Meja David Mutua, Kapteni John Mugwanja na Kapteni John Baraza. Ndege zilikuwa F-5 mbili na Strikemaster moja. Shabaha zilikuwa Ikulu na makao makuu hayo ya GSU. Njereman mwenyewe alipanda ili ahakikishe amri inatekelezwa. Hakuwahi kabla ya hapo kuruka katika ndege ya kivita, na Mutua alilijua hilo. Akawasiliana na wenzake kwa redio, wakaanza kuzipinda ndege kwa ukali angani. Mwangalizi wao akalemewa, akashindwa kufuatilia kinachoendelea. Mabomu yakaangushwa katika msitu wa Mlima Kenya, na ndege zikarudi Nanyuki.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ujanja wa watu jasiri. Ujasiri ulikuwepo, tena mkubwa. Lakini kilichomshinda Njereman ni jambo la mwili, na ndilo jambo ambalo rubani wa kivita hutumia miaka kulizoea.

Tukiwa tumesimama ardhini, kila kiungo kina uzito wake wa kawaida, ambao marubani huuita g 1. Ndege inapokunja kona kali, uzito huo huongezeka. Ikilala upande kwa nyuzi 60 huku ikizunguka bila kupoteza kimo, mwili hubeba g 2. Ikilala hadi nyuzi 75 na nusu, tayari ni g 4. F-5 imeundwa kuhimili zaidi ya g 7. Kwenye g 5, mtu wa kilo 70 anakuwa na uzito wa kilo 350. Kuinua mkono tu ni kazi, na kugeuza kichwa chenye kofia ngumu ya rubani ni kazi zaidi.

Taabu kubwa ni damu. Nayo huwa nzito, ikateremka kuelekea tumboni na miguuni, na moyo ukashindwa kuisukuma hadi kichwani. Macho ndiyo hutangulia kulipa gharama. Rangi hupauka, kisha unapoteza uwezo wa kuona pembeni, kisha giza tupu, ingawa bado unasikia na kufikiri. Ndege ikizidi kukunjwa, fahamu hukatika. Ubongo una akiba ya oksijeni ya sekunde tano hivi, basi. Aliyezimia huenda akakaa sekunde kumi na kitu bila fahamu, na akizinduka anahitaji karibu muda huohuo tena kabla ya kutambua yuko wapi. Juu ya hayo kuna sikio la ndani, ambalo maji yake huvurugika kwa mizunguko hiyo hadi mtu hajui juu ni wapi na chini ni wapi, na tumbo nalo likaanza kuasi.

Rubani hupambana na hali hii kwa njia mbili. Ya kwanza ni vazi maalumu lenye mifuko inayojaa hewa na kubana miguu na tumbo, ili damu isishuke kirahisi. Vazi hilo husaidia kiasi, g 1 au g 1 na nusu. Ya pili ni mwili wenyewe: kukaza mapaja, makalio na tumbo kwa nguvu zote, kuvuta pumzi na kuizuia, kuitoa kidogo na kuvuta nyingine kwa haraka kila baada ya sekunde tatu. Wanaofanya hivyo vizuri huongeza g 3 hivi. Lakini lazima ujikaze kabla mzigo haujafika. Ukichelewa, damu imeshashuka, na kuirudisha ni shida.

Hapa ndipo siri ya asubuhi ile ilipo. Aliyeshika usukani ndiye anayejua ndege itapinda lini, kwa kuwa yeye ndiye anayeipinda. Mwili wake unajiandaa kabla. Abiria hajui chochote hadi amekwisha kulemewa. Bunduki haibadilishi hilo hata kidogo.

Njereman alinyongwa baadaye katika gereza la Kamiti, si mbali na Ruiru, kama walivyonyongwa Hezekiah Ochuka, kiongozi wa jaribio hilo, na wenzao. Jeshi la wanahewa lilivunjwa na kuundwa upya kwa jina lililobeba mwaka wenyewe wa 82, na halikurejeshewa jina lake la zamani hadi 1994.

Ndani ya jeshi hilo lililokuwa linatazamwa kwa mashaka aliingia kijana wa Alego, Siaya, aitwaye Francis Omondi Ogolla. Alijiunga na majeshi Aprili 1984, akawa luteni wa pili Mei 1985. Alifunzwa urubani wa kivita na jeshi la anga la Marekani, na baadaye akafuzu kuwa rubani mkufunzi. Hatua hii ya pili huwa haizungumzwi sana, nami naiona kubwa. Mkufunzi humwachia mwanafunzi usukani, naye akawa katika nafasi ya yule asiyejua ndege itapinda lini. Hujifunza kusoma bega la mwanafunzi, mkono wake, hata mlio wa injini, ili ajikaze kwa wakati. Na akiona kosa, bado awe na akili timamu ya kulirekebisha.

Ogolla alisoma pia katika chuo cha kijeshi cha Paris, na Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 2018 akawa kamanda wa jeshi la wanahewa, na Aprili 2023 Mkuu wa Majeshi, akiwa na nishani za EGH na EBS.

Alikufa tarehe 18 Aprili 2024, akiwa abiria. Helikopta aina ya Huey iliyomchukua kutoka Cheptulel, Pokot Magharibi, ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, muda mfupi baada ya kupaa. Watu kumi walifariki, wawili wakanusurika. Mtu anaweza kuuliza inawezekanaje rubani wa F-5 afe ndani ya chombo cha mwendo wa pole vile. Jibu ni kwamba F-5 ina kiti kinachoweza kumrusha rubani nje, naye akashuka kwa mwavuli. Huey haina. Ikipata hitilafu juu kabisa, aliye usukanini huwa na nafasi ya kuishusha taratibu kwa panga zinazoendelea kuzunguka. Ikiwa chini, ndiyo kwanza imepaa, muda wa kufanya hivyo huwa mchache mno, hata kwa fundi. Na siku hiyo usukani haukuwa mikononi mwa Ogolla. Alizikwa Ng'iya siku tatu baadaye, kwa kuwa alikuwa ameagiza asikawizwe zaidi ya saa 72.