Mninga Ukiwa Uchi Januari

Mgeni akipita barabara ya Mpanda kwenda Inyonga mwezi Agosti anaweza kuapa kwamba msitu umekufa. Mninga hauna jani hata moja. Matawini yamebaki matunda yake tu, yale ya duara yenye miiba katikati na ukingo mwembamba kama karatasi, yanachakarika upepo ukivuma. Huo si ugonjwa. Mti umepumzika, na mvua zikikaribia utavaa maua ya njano. Anayetaka kujua afya ya mninga basi asiende kiangazi. Aende Januari, mvua zikishakolea, maana wakati huo mti hauna kisingizio cha kuwa uchi.

Nalisema hili kwa sababu ya jirani zetu. Zambia, ambako mti huohuo huitwa mukwa, watafiti wa misitu walieleza mwishoni mwa miaka ya 1970 mnyauko unaoua mininga mikubwa ikiwa imesimama. Waliyemshuku ni kuvu ya fuzari. Wenye migomba ya kisukari wanaijua ndugu yake, ile iletayo mnyauko wa panama. Kuvu hii hukaa udongoni, huingia kwa mizizi, kisha huziba mirija inayopandisha maji. Mti hufa kwa kiu huku mizizi yake iko kwenye tope. Uingereza ilipoteza zaidi ya miti milioni 25 ya elmi kwa kuvu nyingine inayobebwa na mbawakawa. Mlango ni tofauti, lakini huko nako mirija ndiyo huzibwa.

Miombo yetu imeungana na ya Zambia kupitia Rukwa. Kwa hiyo tujifunze kuangalia.

Anza na mwavuli wa majani. Mninga mgonjwa haukauki wote kwa siku moja. Tawi moja hugeuka njano katikati ya masika, majani hulegea na kupukutika, nalo hukauka kutoka nchani kurudi shinani huku mengine bado ya kijani. Kisha hufuata la pili. Mara nyingine mti hutoa vichipukizi vingi kwenye shina, kama mtu anayetapatapa.

Halafu tazama majirani. Kama mitundu na miyombo iliyo karibu nayo imekauka, fikiria ukame kwanza. Mninga peke yake ukiugua kati ya miti mizima, shaka inaongezeka. Kagua na shina: gome lililobanduliwa kwa ajili ya dawa likizunguka mti mzima linatosha kuua, na kovu jeusi la moto upande mmoja wa chini lina habari yake. Kuvu isisingiziwe kazi ya panga.

Jaribio lenye uzito ni la ndani. Kata tawi lenye unene wa kidole gumba, mahali palipo kati ya sehemu iliyokufa na iliyo hai. Usichukue tawi nene, kwa kuwa kiini cha mninga ni cha kahawia kwa asili. Ndiyo rangi inayowapendeza mafundi seremala. Utomvu mwekundu utatoka kwenye gome kama damu, nao huwatisha wengi bure. Ufute kwa kitambaa chenye maji, kisha kata tena mbele kidogo. Mbao ya tawi lenye afya huwa imepauka kuelekea njano. Ukiona michirizi ya kahawia ndani yake, na inaendelea kila unapokata, hapo pana jambo.

Miche isikuchanganye. Mninga mchanga hukauka juu kila kiangazi na kuchipua upya kwa miaka mingi, ukijenga mzizi kwanza. Nimewahi kuona watu wakiing'oa wakidhani imekufa, na ile ndiyo mbao ya wajukuu wao.

Dawa ya kupulizia msituni hakuna. Hata michirizi peke yake haithibitishi fuzari. Maabara ndiyo husema. Ukiona dalili hizi, funga kipande cha tawi kwa gazeti, si kwa mfuko wa plastiki kwani kitaota ukungu mwingine njiani, andika mahali na tarehe, ukipeleke ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) ya wilaya yako kabla hakijakauka.