Ardhi Ikizama, Taifa Hubaki na Nini?

Watu wengi wakisikia habari za hadithi za sayansi, yaani hadithi za kubuni zilizojengwa juu ya elimu ya maumbile na mitambo, hudhani kwamba ni mambo ya kuwafurahisha watoto tu. Sisi hatukubaliani na wazo hilo. Twaona kwamba mtungaji mwenye fikira nzito aweza kuuliza katika hadithi ya namna hiyo maswali ambayo wakubwa huogopa kuyauliza barazani. Ushahidi wetu twautoa katika maisha ya Mjapani mmoja, marehemu Sakyo Komatsu.

Komatsu alizaliwa mjini Osaka mwaka 1931, naye alikulia katika vita. Mwaka 1945, alipokuwa na umri wa miaka 14, watawala wa Japani walikuwa wakiwahubiria raia kwamba ni heri watu milioni mia wafe pamoja kuliko kusalimu amri. Huko Okinawa wanafunzi wa rika lake walitiwa jeshini, na wengi hawakurudi. Mwezi wa Agosti Japani ilisalimu amri, naye Komatsu akabaki hai. Ukivisoma vitabu vyake waona kwamba tangu hapo alikuwa akilizunguka swali moja: je, taifa lipo kwa ajili ya watu, au watu wapo ili walifie taifa?

Alisomea fasihi ya Kiitaliano katika Chuo Kikuu cha Kyoto, akamaliza mwaka 1954. Alipokuwa mwanafunzi alijiunga na Chama cha Kikomunisti, na baadaye akajitoa. Riziki yake haikuwa rahisi. Alichora hadithi za picha, akaandika habari katika jarida la uchumi, akasaidia kuendesha kiwanda cha baba yake, akatunga michezo ya kuchekesha ya redio. Katika siku za dhiki, redio ilipokosekana nyumbani, alimwandikia mkewe hadithi, kila siku sehemu yake, ili asikose cha kumburudisha. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa riwaya yake ya kwanza, iliyotolewa mwaka 1964. Yahusu watu waliotupwa katika magofu ya kiwanda cha silaha cha Osaka, ambao kwa kukosa chakula wajifunza kula vyuma vikuukuu, hata wakawa kabila jipya lenye nguvu ya kuitisha serikali. Mfanyakazi hahitaji mtu wa kumfasiria maana yake.

Hata kabla ya hapo, mwaka 1961, alikuwa amepeleka hadithi fupi katika shindano la jarida moja la hadithi za sayansi. Humo alimweleza kijana wa miaka 15 anayeendelea kupigana milimani katika Japani ambayo haikusalimu amri. Hakuwa mbali na kisa hicho, maana kilipungua kidogo tu kuwa chake mwenyewe.

Lakini kitabu kilicholifanya jina lake lienee ni kile cha kuzama kwa Japani, kilichotolewa mwaka 1973. Alikifanyia kazi kwa muda wa miaka tisa. Wakati huo wataalamu walikuwa wamepata elimu mpya, kwamba ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea polepole, na kwamba karibu na Japani bamba moja huingia chini ya jingine. Hiyo ndiyo asili ya matetemeko na milima ya moto ya huko. Komatsu aliisoma elimu hiyo kwa bidii, hata akanunua mashine ya kupigia hesabu ili akadirie uzito wa visiwa vya nchi yake. Hakika nchi haiwezi kuzama upesi namna ile. Lakini msomaji alipewa misingi ya kweli kabla ya kupewa la kubuni.

Katika riwaya hiyo kisiwa kidogo chatoweka usiku mmoja. Mtaalamu aitwaye Tadokoro ashuka katika vilindi vya bahari, aona dalili, atoa onyo, na wenzake wambeza. Hatimaye serikali yakubali, nayo yapaswa kuwatafutia watu zaidi ya milioni mia mahali pa kukaa katika nchi za wengine. Katika mashauri yanayotolewa limo moja la kutisha: kwamba pengine ni heri kutofanya neno lo lote, watu wazame pamoja na visiwa vyao. Hapo twaisikia tena sauti ya mwaka 1945. Lakini safari hii serikali yatuma meli na ndege ziwaokoe watu. Twaamini kwamba hiki ndicho kiini cha kitabu.

Wajapani walinunua zaidi ya nakala milioni tatu, na mwaka uleule filamu ikatolewa. Hata hivyo, kwa Komatsu kuzama kulikuwa utangulizi tu. Alilotaka kueleza ni maisha ya watu waliokosa ardhi: je, wangebaki Wajapani kwa lugha, kwa desturi, au kwa kusaidiana? Sehemu hiyo ya pili ilichelewa hata mwaka 2006, ilipotolewa kwa ushirikiano na mwandishi Koshu Tani.

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko lilipiga mji wa Kobe na jirani zake, likaua watu zaidi ya 6,400, na zaidi ya mita 600 za barabara iliyojengwa juu ya nguzo zikalala ubavu. Kabla ya siku hiyo wahandisi walikuwa wakisema kwamba barabara za Japani haziwezi kuanguka. Komatsu, aliyekuwa na umri wa miaka 63, hakujisifu kwamba aliyasema. Alitwaa kalamu akaandika gazetini kwa muda wa mwaka mzima, akiwahoji wataalamu na kukusanya habari za maafa yale, ili yasisahauliwe. Kazi hiyo ilimchosha mno, na baadaye akapatwa na ugonjwa wa huzuni.

Alifariki tarehe 26 Julai 2011, mwenye umri wa miaka 80, miezi minne baada ya tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi.

Sisi twasema kwamba swali lake halikuzikwa pamoja naye. Nchi yo yote yaweza kupatwa na gharika, moto au tetemeko, na siku hiyo haipimwi kwa nyimbo wala bendera. Yapimwa kwa mambo mawili: kama aliyetoa onyo alisikilizwa, na kama mnyonge wa mwisho alitafutiwa nafasi katika meli.