Fahamu: Betri ya ukubwa gani itakutosha nyumbani na barabarani?

Usiku wa Agosti 25, 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Kwa mkazi wa Diani au Msambweni, betri ni kinga, mradi ipimwe kabla ya kununuliwa.

Unahesabuje?
Zidisha wati za kila kifaa kwa saa za matumizi. Taa 4 za wati 7 kwa saa 5: 140. Feni ya wati 50 kwa saa 6: 300. Televisheni ya wati 60 kwa saa 4: 240. Jumla ni wati-saa 680. Inveta nayo hula kiasi, kwa hiyo kadiria 800.

Betri ipi?
Gawanya 800 kwa volti 12, upate ampea-saa 67. Betri ya risasi isishuke chini ya nusu. Chukua ya 150. Ya lithiamu hutumika hadi asilimia 80. Ya 100 inatosha. Betri ya kuwashia gari haifai: imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache.

Na pikipiki ya umeme?
Volti 72 mara ampea-saa 40 ni wati-saa 2,880. Ikila 35 kwa kilomita, utafika kilomita 80 hivi. Ukipakia mzigo mzito, punguza.

Zingatia
Joto la pwani huzeesha betri na hewa ya chumvi hutia kutu viungio vyake. Iweke kivulini, penye hewa.