Kiwanja Kinatoka Wapi?

(Muziki unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tunajibu swali ambalo wengi mnauliza: kwa nini wageni wanalala muda mrefu kwenye hangari ya pamoja, na kiwanja hakitolewi?

Tuchukue mfano wa Uganda. Mwezi wa saba mwaka 2016 vita viliwaka Juba, Sudan Kusini. Watu walivuka mpaka kwa maelfu, vituo vya mapokezi vikajaa. Mwezi wa nane serikali ikafungua makazi ya Bidi Bidi, wilaya ya Yumbe. Kabla ya mwaka kwisha, watu walikuwa zaidi ya 250,000, na wageni wapya wakapelekwa kwingine. Mwezi wa pili mwaka 2017 ikafunguliwa Imvepi.

Hatua ni tatu. Kwanza hangari, chakula kilichopikwa na kuandikishwa. Pili, Ofisi ya Waziri Mkuu inatafuta ardhi na kupima viwanja. Tatu, familia inapewa kiwanja, miti na turubai, lile tunaloita shitingi, inajijengea. Hatua ya pili ikikwama, hangari inafurika.

Na mara nyingi kinachokwama ni ardhi. Nakivale ardhi ni ya serikali. Yumbe ardhi ni ya koo, kwa hiyo serikali inakaa na wazee, wanaelewana. Nao wenyeji wanategemea kupata kisima, shule, barabara. Ndiyo maana Uganda iliweka lengo kwamba asilimia 30 ya misaada iwafikie wenyeji. Ukiona kisima kimechimbwa kijijini kwao, usiseme wametunyang'anya. Bila maelewano hayo, wewe usingepata pa kujenga.

Ardhi nayo haiongezeki. Bidi Bidi familia ilipimiwa mita 30 kwa 30. Watu wakizidi, kipimo kinapungua.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa sikilizeni vizuri. Uganda ina Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na kanuni zake za mwaka 2010. Kanuni zinasema mkimbizi aliye kwenye makazi anaruhusiwa kutumia ardhi kwa kulima au kuchunga, lakini haruhusiwi kuiuza wala kuikodisha. Kwa hiyo mtu akikujia hangarini usiku akisema, "Nipe pesa, kesho una kiwanja," anauza kisicho chake. Pesa itakwenda, na kiwanja unaweza kuondolewa.

Fanya hivi. Hakikisha majina ya watu wote wa nyumba yako yamo kwenye karatasi ya familia. Kama una mzee, mgonjwa, mlemavu, au uko peke yako na watoto, mwambie mwandikishaji mapema, ili uombewe msaada wa kujengewa. Na ukiombwa pesa, nenda kwa mwenyekiti wa wakimbizi au kwenye dawati la malalamiko.

Mlio Tanzania, Rwanda na Burundi, sheria zenu ni tofauti. Ulizeni ofisi ya kambi yenu kabla ya kutoa hata senti moja.

(Muziki wa kufunga.)