Mchoraji na kompyuta inayochora
MTEJA anaingia kwa mchoraji mabango jijini Eldoret, simu mkononi. "Picha hii imechorwa na kompyuta. Wewe nipakie rangi tu, na bei ipungue." Je, mchoraji afanyeje?

Kwanza, aielewe mashine. Akili unde imefunzwa kwa mabilioni ya picha kutoka kwenye intaneti, nyingi bila wenyewe kuombwa ruhusa. Ukiiandikia maneno, huanza na vitone vilivyotapakaa na kuvipanga hadi picha itokee. Mnamo 2023 wachoraji watatu nchini Marekani, akiwemo Karla Ortiz, walizishtaki kampuni za Stability AI na Midjourney kwa sababu hiyo.

Pili, aitumie kwa uangalifu. Yafaa kujaribia rangi na mpangilio. Lakini asiiagize kuiga mtindo wa msanii aliye hai, na amweleze mteja wazi kilichofanywa na mashine.

Tatu, ahifadhi michoro yake ya awali pamoja na tarehe, iwe ushahidi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 hulinda kazi ya msanii maishani mwake na miaka 50 baada ya kufariki.

Na yule mteja? Aambiwe kwa upole kuwa mashine haijauona ukuta wake, wala haiwajui wapita njia wake. Hilo ndilo analolipia.