Komati: Moto Ulizimwa Kabla ya Kazi Mpya Kufika

Tarehe 31 Oktoba 2022, katika mkoa wa Mpumalanga, Afrika Kusini, ulizimwa mtambo namba 9 wa kituo cha kufua umeme cha Komati. Kituo hicho kilianza kazi mwaka 1961, kikafikia mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 1,000. Siku hiyo ya mwisho kilikuwa kimebakiwa na huo mmoja tu, wa megawati 121 hivi.

Kwa nini kizimwe, na mkoa mzima umelala juu ya makaa ya mawe? Jibu limo ndani ya boila. Makaa husagwa yakawa laini kama unga, yakapulizwa tanuruni na kuwaka. Maji yaliyomo kwenye mabomba ya boila hugeuka mvuke wa nyuzi joto zaidi ya 500, nao husukuma mapanga ya tabo inayozungusha jenereta. Bomba likikaa miaka mingi katika joto na shinikizo la namna hiyo, chuma chake huvutika kidogo kidogo na hakirudi tena. Majivu yanayopeperuka hulikwangua kwa nje. Kila mtambo unapozimwa na kuwashwa, chuma hunywea na kutanuka, nyufa zikaanza. Leo fundi anaziba bomba moja, kesho linavuja la jirani yake. Mitambo haichakai sawasawa, ndiyo maana huondolewa mmoja mmoja, ulio hoi ukitangulia.

Komati iliwahi kupumzishwa kabla ya hapo. Mwaka 1990 nchi ilikuwa na umeme wa ziada, kituo kikafungwa. Kuanzia 2008, mgao wa umeme ulipobana, kikafufuliwa. Lakini chuma kilichofufuliwa ni kilekile cha zamani.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalioni. Tabo na jenereta ni mzigo mzito unaozunguka mara 3,000 kwa dakika. Kituo kingine kikikatika ghafla, mzunguko huo hauwezi kusimama papo hapo, na sekunde chache unazoipa gridi ndizo zinazozuia nchi nzima kuingia gizani. Paneli za jua hazina mzigo wa namna hiyo, kwa hiyo kuhesabu megawati peke yake hakutoshi.

Mwanzoni mwa Novemba 2022, Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 497 kwa ajili ya Komati: umeme wa jua megawati 150, wa upepo 70, na betri za megawati 150. Angalia tarehe. Fedha zilipitishwa siku chache baada ya moto kuzimwa, na mitambo hiyo mipya ilikuwa bado ni michoro. Waajiriwa wengi wa shirika la umeme, Eskom, walihamishiwa vituo vingine. Vibarua wa wakandarasi hawakuwa na pa kuhamishiwa, wala mwenye duka na mpangishaji vyumba waliowategemea. Kwangu mimi hilo ndilo kosa kubwa la Komati, nalo halikuwa kosa la kihandisi: boila ilitoa ishara kwa miaka mingi, muda wa kuwaandaa watu ulikuwepo.

Eskom baadaye ilisogeza mbele hadi 2030 kufungwa kwa vituo vitatu vikongwe vya mkoa huo: Camden, Hendrina na Grootvlei. Kibarua anayeziba mabomba huko Hendrina anapaswa kuanza kufundishwa kazi nyingine sasa, boila ikiwa bado ina moto na yeye bado ana mshahara.